UKIKWAMA NA THELUJI UGHAIBUNI: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAANZA SAFARI YA KURUDI NYUMBANI



Kila ikifika Desemba na Januari simu yangu haipumziki. "Bwana, wewe si ulishawahi kukwama kule Ulaya? Mwanangu yuko uwanja wa ndege tangu jana, wanamwambia ndege haipo, afanyeje?" Nimeshajibu swali hili mara nyingi mno, nikaona bora niandike mara moja, anayetaka asome na amtumie mwenzake. Mimi si mwanasheria wala si mtu wa mambo ya ndege. Ni mkazi wa Mlali hapa Morogoro, mlimaji wa nyanya, ambaye theluji ilimfundisha adabu. Baada ya hapo nikakaa chini kusoma sheria zinasemaje, maana nilichoka kuambiwa "subiri".

KISA CHENYEWE KWA UFUPI

Mdogo wangu wa kike anaishi Ujerumani. Winta moja akanitumia mwaliko, nikaenda kula naye Krismasi, wiki tatu. Tiketi ya kurudi ilikuwa Alhamisi jioni. Jumamosi yake, huku nyumbani Mlali, wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Kilosa kuleta mahari ya mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Na kwa asiyejua, sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama. Katika mambo ya mtoto wa dada, mjomba si mgeni mwalikwa. Ndiye mwenye neno. Mimi nikapiga hesabu: natoka Alhamisi, Ijumaa niko Dar, usiku nalala Mlali, Jumamosi asubuhi nimekaa kwenye mkeka. Safi kabisa.

Alhamisi saa sita mchana theluji ikaanza. Saa moja jioni, muda wa ndege, ubao ukaandika "imechelewa". Saa nne usiku ikaandikwa "imechelewa" tena. Saa tano ikaandikwa "imefutwa". Nikalala sakafuni na koti. Ijumaa nikapanga foleni saa sita nzima nikapewa ndege ya Jumamosi jioni. Jumamosi dada akanipigia simu, wakwe wameshakaa. Nikamwambia niko kwenye theluji. Akaniuliza taratibu tu, "Sasa kaka, hiyo theluji niwaambieje watu wa Kilosa waielewe?"

Nitawaeleza mwishoni ilikuwaje. Kwanza tuzungumze vitu vya kusaidia.

KWA NINI THELUJI KIDOGO INASIMAMISHA UWANJA MZIMA?

Nilikuwa naona wazungu wanazembea. Kumbe sababu zipo, na ukizijua hata hasira inapungua.

1. Mabawa. Bawa la ndege linafanya kazi kwa sababu ya umbo lake na ulaini wake. Wataalamu wa usalama wa anga wa Marekani wanasema barafu nyembamba yenye ukwaruzo kama wa msasa inaweza kupunguza nguvu ya kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Ndiyo maana ndege "inaogeshwa" kwanza kwa maji ya moto yaliyochanganywa na dawa iitwayo glaikoli. Dawa hiyo ina muda wake. Ndege ikishaogeshwa halafu ikakaa sana kwenye foleni huku theluji inaanguka, inabidi irudi ikaogeshwe upya.

Si hofu ya bure. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya Air Florida iliondoka Washington ikiwa na barafu kwenye mabawa, ikagonga daraja na kutumbukia Mto Potomac. Walikufa watu 78, wakiwemo 4 waliokuwa kwenye magari yao darajani.

2. Njia ya kurukia. Washabiki wa Manchester United wanaijua tarehe 6 Februari 1958. Ndege iliyokuwa inarudisha timu kutoka Belgrade ilisimama Munich kujaza mafuta, ikajaribu kuruka mara mbili ikashindwa, mara ya tatu haikufika juu. Walikufa watu 23, wakiwemo wachezaji 8. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba ule ujiuji wa theluji iliyoyeyuka njiani uliizuia ndege kupata mwendo wa kutosha. Tangu hapo wanaorusha ndege hawafanyi mchezo na ujiuji. Njia ikijaa inafungwa, magari ya kufagia yanapita, inafunguliwa, ikijaa tena inafungwa tena.

3. Msongamano. Uwanja kama Heathrow wa London una njia mbili tu na ratiba yake imejaa muda wote. Ikipotea saa moja hakuna pa kuifidia. Tarehe 18 Desemba 2010 theluji iliangukia pale, na kwa siku tano hivi safari zipatazo 4,000 zilifutwa. Usiku wa kwanza tu abiria kama 9,500 walilala ndani ya majengo ya uwanja. Huo ni uwanja wa nchi tajiri, ndugu zangu, tena wiki ya Krismasi.

4. Ndege na marubani wako sehemu nyingine. Hili watu wengi hawalielewi. Jua linawaka, theluji imeshaisha, lakini bado hakuna ndege. Chukulia mfano wa daladala zetu. Gari la kwanza likiharibikia Sangasanga, wanaosubiri mjini Morogoro hawana gari, na wanaosubiri Mlali nao hawana, japo barabara ni nyeupe. Ndege ni hivyo hivyo: ile iliyotakiwa kukuchukua wewe imekwama mji mwingine. Halafu rubani ana saa za kazi zilizowekwa kisheria. Zikiisha wakati anasubiri, anashuka, anatafutwa mwingine.

Kwa hiyo theluji ya siku moja ina mkia wa siku tatu au nne. Ukiona imeanguka siku mbili kabla ya safari yako, usijidanganye kwamba imepita.

JE, KUPITIA NCHI ZA JOTO KUNASAIDIA?

Kidogo. Wabongo wengi tunapita Dubai, Doha, Addis Ababa au Istanbul. Ukipita Doha au Addis theluji huikuti, kwa hiyo unakuwa umepunguza sehemu moja ya kukwama. Lakini uwanja unaoanzia safari bado uko kwenye baridi. Tarehe 2 Desemba 2023 Munich ilifungwa kwa theluji, safari zipatazo 760 zikafutwa siku ile. Wa kwenda Doha na wa kwenda Paris wote walibaki.

Na Istanbul si nchi ya joto kama wengi wanavyodhani. Tarehe 24 Januari 2022 uwanja wake mpya ulisimamisha safari kwa sababu ya theluji, mpaka paa la ghala moja la mizigo likaporomoka. Hata jangwani kuna siku yake: tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilifurika Dubai, ndege zikawa zinatembea kwenye maji kama ngalawa, na abiria wakakaa siku kadhaa. Hakuna njia isiyo na matatizo kabisa, jamani. Kuna kujipanga tu.

HAKI ZAKO: HAPA SOMA TARATIBU

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamhusu kila abiria anayeondoka kwenye uwanja ulioko ndani ya Umoja huo, kwa ndege ya shirika lolote, na haijalishi pasipoti yako ni ya nchi gani. Pasi yetu ya Tanzania inatosha kabisa. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja ilibaki na sheria yake inayofanana na hiyo. Lakini ukiondoka Dar kwenda Ulaya, kanuni inakulinda pale tu shirika lenyewe likiwa ni la Ulaya. Nchi za Umoja zimekuwa zikijadili kuibadilisha kanuni hii, kwa hiyo kabla hujasafiri angalia kama kuna jipya.

Ina mambo matatu, na watu huyachanganya.

(a) Kuchagua. Ndege ikifutwa, unachagua mwenyewe: urudishiwe hela ya tiketi, au upelekwe mwisho wa safari yako kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo. Angalizo: ukichukua hela, umeshaachana nao. Hoteli, chakula na tiketi mpya ni juu yako. Kwa mtu anayerudi Bongo wakati wa msimu, tiketi ya kununua siku ile ile inaweza kuwa mara mbili ya ile ya zamani. Usibonyeze haraka kile kitufe cha "rudisha hela" kwenye simu kwa sababu ya hasira. Niliona mtu kafanya hivyo mbele yangu, akaja kulia.

(b) Kuhudumiwa. Kwa safari ndefu kama ya kuja kwetu, ndege ikichelewa saa 4 au zaidi shirika linatakiwa likupe chakula na kinywaji, na nafasi ya kupiga simu mbili au kutuma ujumbe. Ikibidi kulala, hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi. Hili wanadaiwa hata kama kosa ni la Mungu, yaani theluji, ukungu, hata volkano. Mwaka 2010 volkano ya Iceland iliyofunga anga la Ulaya ilimkwamisha abiria mmoja aliyekuwa anatoka Faro, Ureno, kwenda Dublin. Akajilipia chakula, malazi na nauli kwa zaidi ya wiki, gharama zikafika kama euro 1,130, akaenda mahakamani. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba wajibu wa kumhudumia abiria hauna kikomo cha siku wala cha hela, ilimradi gharama ni za lazima na za kiasi.

(c) Fidia. Ile euro 600 ambayo kila mtu anaisikia kwa safari za zaidi ya kilomita 3,500. Hapa ndipo watu wanapogombana bure. Theluji halisi inahesabiwa kuwa dharura, na fidia hailipwi. Lakini lazima iwe kweli ni theluji. Kama ndege iliharibika, au hawakupanga marubani wa kutosha, halafu wanasingizia hali ya hewa huku ndege za wenzao zinaruka muda ule ule, dai. Waombe waandike sababu, hata kwa ujumbe wa simu. Maandishi ndiyo ushahidi.

Kama hakuna mtu wa kukupa hoteli (na usiku ule kwetu hakukuwa na mtu, madirisha yote yamefungwa), tafuta ya bei ya kawaida, lipa, TUNZA RISITI. Mimi Ijumaa nilipata chumba nje ya mji, nikalipia mwenyewe pamoja na treni na chakula. Nilipofika nyumbani nikatuma picha za risiti zote kupitia tovuti ya shirika. Miezi miwili baadaye hela ikaingia, isipokuwa ya bia mbili. Bia hawalipi, msijaribu.

TIKETI MOJA AU MBILI?

Huu ndio ushauri nautilia mkazo kuliko wote. Ukikata safari nzima kwa tiketi moja, kwa mfano Hamburg hadi Dar kupitia mji mwingine, inahesabiwa kuwa safari moja. Ukichelewa ya kwanza ukakosa ya pili, ni juu yao kukufikisha Dar. Ukikata mbili tofauti kwa sababu ni nafuu kwa euro 80, ile ya pili ikikuacha umeachwa. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Majira ya joto unaweza kubahatisha. Winta usibahatishe.

Mengine madogo:
- Chukua ndege ya asubuhi, siyo ya mwisho ya siku. Ya asubuhi ikifutwa bado kuna nyingine.
- Kati ya ndege na ndege acha saa tatu au nne. Saa moja na nusu wakati wa winta ni kamari.
- Usiweke shughuli kubwa nyumbani siku moja baada ya kufika. Acha siku tatu. Mimi niliacha usiku mmoja.
- Weka namba ya simu yako sahihi kwenye tiketi. Ndugu akikukatia na kuweka namba yake, ujumbe wa "imefutwa" ataupata yeye amelala.
- Ile bima ya kuombea viza ya Schengen (ya angalau euro 30,000) ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Isome vizuri, nyingi hazilipi kuchelewa kwa ndege.

VIZA IKIISHA UKIWA UMEKWAMA

Hapa ndipo tumbo linapouma. Viza yangu ilikuwa inaisha Jumapili. Kila saa ikipita naangalia pasipoti.

Sheria ya viza za Schengen, kifungu cha 33, inasema mtu aliyeshindwa kuondoka kwa sababu ya dharura iliyo nje ya uwezo wake anaongezewa muda, na bila kulipa chochote. Lakini lazima UOMBE KABLA haijaisha, kwa polisi wa mpakani pale uwanjani au ofisi ya uhamiaji, ukiwa na ushahidi: tiketi ya zamani, tangazo la kufutwa, tiketi mpya. Usikae kimya ukidhani wataelewa wenyewe. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 walianza kuweka mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha badala ya mihuri. Kompyuta inahesabu siku, haijui habari za theluji. Ukizidisha siku bila karatasi, safari yako ijayo ya kuomba viza ndipo utakapoulizwa.

Jambo jingine: kama umeshapita uhamiaji na kugongewa muhuri wa kutoka, halafu ndege ikafutwa, na viza yako ni ya kuingia mara moja, usitoke holela kwenda hoteli. Waone kwanza polisi wa mpakani waufute ule muhuri wa kutoka. Na kama unapita tu na huna viza ya nchi ile, huenda usiruhusiwe kutoka kabisa, utalala ndani. Ndiyo maana nasema begi la mkononi liwe na sweta zito, mswaki, dawa zako za siku tano, chaja na chakula kidogo. Mwenye kisukari au presha, dawa zisiende kwenye mzigo mkubwa. Nimeona mama mmoja wa Kikongo akihangaika usiku kucha, dawa zake ziko kwenye begi na begi haijulikani liko wapi.

Ukizidiwa kabisa, balozi zetu zipo London, Berlin, Paris, Roma, The Hague, Brussels na Stockholm. Hawatakulipia hoteli, lakini suala la pasipoti au mtu kuugua, wao ndio pa kukimbilia. Andika namba zao kwenye karatasi, simu huzimika.

BEGI LIKIPOTEA

Ndege zikivurugika, mabegi nayo yanavurugika. Mimi nilifika Dar, begi lenye zawadi zote za wakwe halikufika. Kanuni hapa ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania ni mwanachama.

- Usitoke ukumbi wa mizigo bila kujaza fomu na kupewa namba ya kumbukumbu. Ukishatoka nje, kujieleza ni kazi.
- Begi likirudi limevunjika: andika barua ndani ya siku 7.
- Begi limechelewa: dai lako liandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea.
- Likipita siku 21 halijaonekana, linahesabiwa limepotea.
- Kesi: mwisho miaka miwili.
- Kiwango cha juu cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya IMF inayoitwa SDR, kama dola 2,000 hivi. Hicho ni kikomo, siyo kwamba kila mtu anapewa. Unalipwa hasara unayoweza kuonesha.

Wakati unasubiri begi, nguo za kubadilisha na vitu vya lazima unanunua unaweka risiti. Kwa matatizo yanayotokea huku kwetu, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na lile Baraza la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ukianza na shirika likakukalia kimya, peleka huko. Langu lilifika Dar siku ya sita. Kitenge na saa vilikuwepo. Chokoleti zilikuwa uji.

UMEFIKA DAR: BADO MLALI

Watu wanasahau kwamba safari haiishi uwanja wa ndege. Siku hizi ndege za nje zinatua Jengo la Tatu pale JNIA, lililozinduliwa Agosti 2019. Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni basi, na mabasi ya mkoa sasa yako kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, tangu 2021, siyo Ubungo tena. Aliyekaa nje muda mrefu bado anamwambia dereva "Ubungo" halafu anashangaa. Ya pili ni treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Kama ndege yako imechelewa na tiketi ya treni ulishakata, usitegemee ikusubiri. Mimi nashauri usikate mapema. Subiri utue kwanza.

Ukifika Morogoro, stendi ya Msamvu, unatafuta gari la Mlali. Unafuata barabara ya Iringa, upande wa kule Mzumbe, unaiacha kuu pale Sangasanga na kuingia kushoto kuelekea milimani. Ukifika usiku magari ni ya shida, utapanda bodaboda na begi mapajani. Wa Mgeta ndiyo kabisa, alale mjini, asipande mlima usiku.

Na tusiwacheke wazungu na theluji yao. Sisi yetu ni mafuriko. Desemba 2009, wiki hiyo hiyo ya Krismasi, Mto Mkondoa ulivunja tuta ukaingia Kilosa, watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama miezi. Januari 2014 maji yakakata barabara ya Dodoma pale Magole na Dumila, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kule kuna kanuni inayosema nani akupe chakula. Pale Dumila tulikula mahindi ya wenyeji, na wenyeji wenyewe nyumba zimekwenda na maji.

SASA MAMBO YA KUFANYA, KWA MPANGILIO

1. Ikitangazwa theluji, siku moja kabla angalia ndege yako kwenye tovuti. Shirika likikuruhusu kubadili tarehe bure, badili.
2. Ikifutwa, panga foleni NA piga simu NA tumia tovuti, vyote kwa pamoja. Chochote kitakachotangulia.
3. Piga picha ubao unaoonesha "imefutwa".
4. Uliza kuhusu hoteli na chakula. Wakikataa, mwambie aandike kwamba amekataa.
5. Risiti zote bahasha moja.
6. Viza: hesabu siku. Zikibaki mbili, nenda polisi wa mpakani leo, siyo kesho.
7. Wapigie nyumbani mapema. Usingoje mpaka uwe na jibu zuri.

Hiyo namba 7 ndiyo iliyoniumiza mimi.

Usiku wa Alhamisi sikupiga simu. Nilijiambia, kesho nitapata ndege, kwa nini niwatie watu presha. Ijumaa nikasema ngoja nimalize foleni. Nikaja kumwambia dada Ijumaa usiku sana, wakati wakwe wameshafika Morogoro mjini. Wazee wakaamua wasiwarudishe watu, wakamweka mdogo wangu wa kiume akae nafasi yangu. Ni mjomba naye, hakuna kosa. Tatizo ni kwamba mimi na dada tulishakubaliana sharti moja: binti amalize kwanza chuo cha ualimu, ndoa iwe Desemba. Sharti hilo nilikuwa nalo mimi kichwani, niliseme mimi. Dada mbele ya wakwe hakuweza kulisema, na mdogo wangu hakuwa analijua. Wakwe wakataka Juni, yeye akaona ni heshima, akapokea. Mahari ikahesabiwa, watu wakala, wakaondoka Jumapili mchana.

Mimi nilifika Mlali Jumapili saa mbili usiku, bila begi. Mpwa wangu ndiye aliyenifungulia mlango. Akanisalimia shikamoo mjomba, akanipokea koti, hakusema kitu kingine. Mitihani yake ilikuwa Julai.

Ilibidi wiki mbili baadaye tuende Kilosa na mzee mmoja wa ukoo, na mbuzi, kuomba mazungumzo yafunguliwe upya. Neno likishapokelewa kulirudisha ni aibu, na wakwe walikuwa na haki ya kutufukuza. Hawakutufukuza. Baba mkwe alisikiliza, akauliza maswali mawili kuhusu hiyo theluji, akasema yeye mwaka 2009 maji yalimkuta hapo hapo Kilosa akashindwa kufika kwenye msiba wa kaka yake, kwa hiyo anajua maana ya njia kukatika. Ndoa ikasogezwa hadi Desemba. Binti sasa anafundisha.

Kwa hiyo pamoja na euro na vifungu vyote nilivyoandika hapo juu, wadau, kabla hujapanda ndege kwenda likizo acha nyumbani mtu mwenye maneno yako. Kama kuna hela ya kulipwa tarehe fulani, funguo, karatasi ya hospitali au neno la kusema mbele ya watu, mtu mmoja ajue lote. Kanuni 261 inaweza kukurudishia hela ya hoteli. Nafasi yako kwenye mkeka haikurudishii.

Mwenye nyongeza au mahali nilipokosea anisahihishe. Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Mlali, Morogoro